Mtoto akichomwa sindano: miwani ya uhalisia pepe au katuni za simu?

Kwa bei hakuna ubishi: simu unayo tayari mfukoni. Miwani hii, inayovaliwa usoni na kumwonyesha mtoto ulimwengu wa kompyuta pande zote, hununuliwa, huchajiwa, na sponji yake hupanguswa dawa kila inapotoka usoni mwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine.

Kuteka akili ya mtoto ili asiwaze maumivu ni habari nyingine. Kwenye simu mtoto bado anachungulia sindano. Miwani inamziba macho kabisa. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kilitengeneza SnowWorld, mchezo wa miwani hii wa kurusha mipira ya theluji, kwa walioungua moto, wakati wanasafishwa vidonda. Ila wapo wanaoona kichefuchefu, na wengine huogopa zaidi wasipomwona mama.

Wa miaka 4 anayechanjwa mara moja, katuni zinatosha. Wa miaka 11 anayesafishwa kidonda kila siku, ulizeni kama wodi ina miwani.