GPS ya gari: kabla hujauliza bei, uliza inapokeaje lokesheni

Mwezi huu jumbe zimenijaa, na karibu zote zina wimbo mmoja. Dada mmoja wa Morogoro alikwenda Kariakoo akaomba "GPS ya gari", akalipa, akafika nyumbani akakuta kiboksi kisicho na kioo: ni kile cha kufuatilia gari likiibiwa. Kaka wa Mbeya gari lake limetoka Japani na "navi full" kwenye tangazo, nalo linamsemesha Kijapani huku ramani ikimwonyesha bahari. Wa tatu ndiye aliyenifanya nikae chini niandike. Yeye kaletewa kifaa kizuri kabisa na mpwa wake kutoka Uingereza, kakiwekea ramani ya Tanzania, kaandika "Mbezi Kwa Msuguri", kifaa kikamjibu hakuna matokeo. "Dada, kimekufa?" Hakijafa. Kinasubiri ukipe jina la barabara, namba ya nyumba na postikodi, kama kilivyofundishwa huko kwao.

Kwa hiyo leo sitazungumzia ukubwa wa kioo, sauti ya kike au ya kiume, wala kama kina bluetooth. Hayo utayaona mwenyewe dukani. Nataka tuongee jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza: mwenyeji wako akikutumia lokesheni kwenye WhatsApp, kifaa chako kitaipokeaje?

Nianze na dogo, kwa sababu bado naulizwa. GPS haili bando. Setilaiti za Marekani zinazunguka kilomita 20,200 juu yetu, zinarusha mawimbi bure, na kifaa kinahitaji kuziona nne tu kijue kilipo. Tangu Mei 2000, Rais Clinton alipoamuru ule upotoshaji wa makusudi wa mawimbi ya raia uzimwe, kifaa cha kawaida kinakupa mahali ulipo kwa kukosea mita chache. Siku hizi vingi husikiliza na setilaiti za Urusi, Ulaya na China pia. Kinachokula bando ni ramani, kama hukuihifadhi mapema, na taarifa za foleni. Basi ukiona mtu anakuuzia "GPS yenye bando la mwaka", muulize bando la nini.

Sasa turudi kwenye lokesheni. Kwetu anwani ni maelezo: shuka kituoni, kata kushoto kwenye duka la dawa, uliza kwa Mama Fulani, geti jeusi. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilituwekea nguzo za majina ya mitaa na namba milangoni, na ni kazi nzuri, lakini sijaona bado kifaa cha gari kutoka nje kinachozijua namba hizo. Kwa hiyo njia ya uhakika inabaki moja: koordineti. Zile namba mbili za latitudo na longitudo. Fungua lokesheni uliyotumiwa kwenye Google Maps, gusa alama na kuishikilia, namba zitatokea. Zinakiliwa kwenye kifaa, unaondoka.

Hapo ndipo watu wanapotea, tena kwa kujiamini kabisa.

Simu inakupa namba za desimali, mfano katikati ya Tanga ni kama -5.07, 39.10. Vifaa vingi vya gari vikitoka kiwandani vinataka digrii na dakika. Mtu anaona mahali pa kuandika 5, halafu nafasi, halafu 07, anaandika. Lakini 5.07 si digrii 5 na dakika 7. Dakika ziko 60 ndani ya digrii, si 100. Kwa mfano huo wa Tanga umeshasogea kama kilomita 9 na alama yako imeangukia nje ya pwani. Hapo una bahati, maana ukiona alama iko baharini utashtuka. Desimali zikiwa kubwa, .50 na kitu, kosa linafika kilomita 40 na ushee nchi kavu, kifaa kinakuchorea njia safi na kukuhesabia muda wa kufika. Nani atashtuka?

La pili ni ile alama ya kutoa. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Wenzetu wa Nairobi nao wako kusini, ila Eldoret na Kampala ni kaskazini, kwa hiyo dereva wa safari ndefu lazima ajue anavuka mstari. Garmin, kampuni ya vifaa vya GPS, hawatumii alama ya kutoa, wanatumia herufi N (kaskazini) au S (kusini). Andika namba za Dar, 6.82 na 39.28, ukaiacha N, kifaa kitakutafutia njia ya kwenda Ethiopia, upande wa milima ya Bale.

Tarakimu nne baada ya nukta zinatosha, hizo zinakufikisha ndani ya mita 11 hivi. Tatu ni kama mita 110, nazo kwenye mitaa ya Manzese ni safari nyingine kabisa.

Ndiyo maana katika orodha yangu swali la kwanza ni moja: je, naweza kubadili mfumo wa koordineti uwe wa desimali, na je, nitafika kwenye ukurasa huo kwa kugusa mara ngapi? Vifaa vimepangwa hapa chini kwa kipimo hicho. Kama wewe unatafuta kioo kikubwa cha kuangalia video kwenye foleni ya Tazara, tuachane kwa amani.

Ya kwanza: Garmin DriveSmart

Ninaipenda Garmin na sifichi. Ni kampuni ya Gary Burrell na Min Kao, iliyoanza 1989 kule Kansas, ikauzia mabaharia na marubani kabla ya madereva, na inaonekana. Baharia hana mtaa wala postikodi. Ukibonyeza mahali pa kutafuta, koordineti zina ukurasa wao, na hapohapo kuna pa kubadili mfumo. Chagua ule ulioandikwa hddd.ddddd°, basi, umemaliza, unaandika namba kama zilivyo kwenye simu. DriveSmart 55 na 65, na zile mpya za 66, 76 na 86, zinaunganishwa na simu kupitia programu ya Garmin Drive, unaweza kutafuta mahali kwenye simu ukakirushia kifaa bila kuandika namba hata moja.

Jua la kwetu inalivumilia pia. Garmin wanasema inafanya kazi hadi nyuzi joto 55. Apple wao wanakutaka utumie iPhone penye nyuzi zisizozidi 35, na wewe umeibandika kwenye kioo cha mbele, Januari, saa saba mchana, Chalinze.

Tatizo la Garmin ni ramani. Inayokuja kwenye boksi ni ya Ulaya au ya Marekani Kaskazini, na soma boksi vizuri. Mnaoagiza kupitia ndugu, msimwambie "niletee yenye Afrika", atazunguka maduka bure. Chukueni ya bei nzuri, kisha wekeni ramani wenyewe. Kuna Tracks4Africa ya Afrika Kusini, ya kulipia, inauzwa hata kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na kwa wanaokwenda mbugani au barabara za vumbi inastahili pesa yake. Au OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, bure. Zipo tovuti zinazoigeuza iwe ramani ya Garmin: unachagua nchi, unapakua faili linaloitwa gmapsupp.img, unatengeneza folda yenye jina Garmin kwenye kadi ya microSD, unalitia humo. Tumia kadi isiyozidi GB 32 na iwe ya mfumo wa FAT32. Washa kifaa, nenda kwenye orodha ya ramani, izime ile ya Ulaya. Kama hukuizima, lawama zote ni zako.

Zile Drive za bei ya chini za Garmin, zisizo na "Smart", uliza kwanza kama toleo hilo linaunganishwa na simu. Koordineti zinapokea.

Ya pili: simu uliyonayo

Kwa mjini simu inaishinda Garmin, nakiri hata kama roho inauma. Lokesheni inaguswa tu, na foleni unaionyeshwa. Kwa safari ndefu ihifadhi ramani kabla hujatoka, maana ukipita Mikumi au pori lolote mtandao unakata. Google Maps ikiwa nje ya mtandao itakuelekeza kwa gari, ila haina foleni wala njia mbadala, na eneo ulilohifadhi linaisha muda usipolisasisha. Mimi nina programu ya Organic Maps pembeni, ni ya bure, haina matangazo, na ukigusa namba za koordineti inakubadilishia mfumo papohapo. OsmAnd ina mambo mengi zaidi, na kichwa kitakuuma zaidi. Waze bila mtandao haina faida kwako.

Simu ya zamani iliyolala kabatini nayo inafaa sana, hata bila laini. Ila kama ni tableti angalia: iPad ya Wi-Fi pekee haina GPS ndani. Kuna msomaji aliinunua kwa kazi hiyo, muuzaji akamwapia kwamba "inashika". Ilishika Wi-Fi ya duka.

Nunua chaja ya gari yenye nguvu na holda ya kubana tundu la kiyoyozi badala ya kioo. Upepo wa baridi unaisaidia simu isijizime.

Ya tatu: redio ya Android

Ile yenye kioo kikubwa inayochukua nafasi ya redio. Ndani yake ni tableti, kwa hiyo kwa kipimo changu inafaulu, weka Organic Maps na uendelee. Shida ni antena. Inakuja na kidude cheusi chenye waya, na fundi kwa haraka zake anakitupa nyuma ya redio, katikati ya vyuma, halafu gari lako linaruka kutoka Sinza hadi Mwenge bila kupita barabarani. Msimamie. Kikae juu ya dashibodi au chini ya plastiki tupu karibu na kioo cha mbele. Kiasi cha RAM kilichoandikwa kwenye boksi usikiamini.

Ya nne: navi ya Kijapani iliyokuja na gari

Ni ya barabara za Japani. Toa diski au kadi, sikiliza redio kama masafa yanafika, endelea na maisha. Usiongeze hata shilingi kwenye bei ya gari kwa sababu yake.

Na vile vya bei chee vyenye majina yasiyosomeka na ramani ya wizi ndani? Hapana.

Nimesema vya bei chee, sasa acha niseme vya bei juu. DriveSmart inayouzwa dola mia mbili na kitu Marekani, duka moja mjini hapa lilinitajia karibu mara mbili. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa kodi. Kodi ipo, najua, VAT ni asilimia 18, na mzigo una gharama zake, lakini asilimia 18 haijawahi kufanya mia iwe mia mbili. Halafu ikaja "ramani ya Afrika Mashariki, original, na leseni", inalipiwa kando. Nikaomba kuiona. Pembeni chini imeandikwa OpenStreetMap.

Hapo nilikasirika kweli. Ramani ya Dar kwenye OpenStreetMap imeshiba kiasi hicho kwa sababu ya vijana wetu. Kuanzia 2015, chini ya mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam pamoja na wakazi walipita kata zinazofurika wakiandika mifereji, vichochoro na nyumba, ili mji ujue maji yatakwenda wapi. Nairobi nao walianza mapema zaidi, Kibera, 2009. Leseni ya OpenStreetMap inakuruhusu hata kuuza, mradi umtaje aliyeitengeneza. Lipisha kazi ya kuiweka kwenye kadi, sawa, fundi anakula kwa kazi. Kumwambia mama wa watu kwamba ni leseni kutoka kiwandani ni kitu kingine.

Ukienda kununua, nenda na simu yenye koordineti za duka hilohilo. Kitoe kifaa nje, mahali penye anga wazi, sio chini ya bati. Kikiwa kimetoka mbali au kimelala muda mrefu kinaweza kuchukua hadi robo saa kukusanya taarifa za setilaiti, kwa hiyo usikihukumu kwa dakika mbili. Kikishajua kilipo, linganisha na zile koordineti za duka, kisha ingiza namba za mahali unapopajua, mfano kwako nyumbani, uone kama njia inafika mlangoni au inaishia barabara kuu. Angalia na tarehe ya ramani kwenye mipangilio. Muuzaji akikwambia haruhusu kifaa kutoka dukani, maduka ya jirani yapo.