Tathmini: Sehemu ya mwisho ya The Sopranos na giza lililowagawa watazamaji

Usiku wa tarehe 10 Juni 2007, watazamaji karibu milioni 12 nchini Marekani walimwona Tony Soprano, mhusika mkuu wa tamthilia ya televisheni The Sopranos, akiinua macho kuutazama mlango wa mgahawa. Kisha skrini ikawa nyeusi, wimbo ukakatika katikati ya mstari, na kwa sekunde kama kumi hapakuwa na picha wala sauti mpaka majina ya waigizaji yalipoanza kupita. Wengi walidhani matangazo yamekatika au televisheni zimeharibika. Walipotambua kwamba ndivyo ilivyokusudiwa, baadhi yao walikasirika sana, kwa kuwa walikuwa wameifuata tamthilia hiyo ya kituo cha HBO kwa sehemu 86 tangu Januari 1999, na sasa mtunzi wake, David Chase, alikuwa amewanyima hata kujua kama bosi huyo wa mafia wa New Jersey alipigwa risasi au alimaliza kula na familia yake akarudi nyumbani.

Hasira hiyo naielewa, lakini siikubali. Chase aliiandika na kuiongoza sehemu hii mwenyewe, na onyesho la mgahawani, lililopigwa Holsten's katika mji wa Bloomfield, halina kitu kilichowekwa ovyo. Kengele ya mlango inalia, Tony anainua uso, nasi tunaonyeshwa anachokiona. Anaingia mkewe Carmela. Anaingia mwanawe A.J., akiwa ametanguliwa na mwanamume mwenye jaketi ambaye anaketi kaunta, anatupa jicho upande wa meza yao, kisha anaelekea msalani. Nje, binti yao Meadow anahangaika kuegesha gari. Kengele inalia tena, Tony anainua uso, na giza linaingia. Wanaoshikilia kwamba ameuawa husema kuwa zamu ya kuona anachokiona ilikuwa imefika, na alichokiona ndicho hicho tulichokiona sisi. Huongeza maneno ya shemeji yake Bobby, aliyesema wakiwa mashuani, sehemu chache kabla, kwamba huenda mtu hasikii kitu mauti yanapomfika. Wanaoamini kwamba yu hai hujibu kwamba adui yake mkubwa, Phil Leotardo, ameshauawa mapema katika sehemu hiyo hiyo, na kwamba watu wa genge lake la New York walikuwa wamekubali mapatano.

Kwa miaka mingi Chase alikataa kueleza, akisisitiza kwamba yote yamo ndani ya onyesho lenyewe. Baadaye, katika mazungumzo na jarida la The Hollywood Reporter mwaka 2021, alizungumza kwa namna ambayo wengi waliichukua kuwa ni kukiri kwamba Tony alikufa. Kauli hiyo haikuniongezea chochote. Naona mjadala wa kufa na kupona umewafanya watazamaji walipite tukio lililo bora kuliko yote katika saa ile, yaani Tony anapokwenda kumwona baba yake mkubwa, Junior, katika hospitali ya serikali. Mzee huyo, ambaye katika msimu wa kwanza alipanga Tony auawe, sasa hamtambui tena. Tony anamkumbusha kwamba yeye na marehemu mdogo wake, baba yake Tony, ndio waliokuwa wakitawala huku kaskazini mwa New Jersey, na Junior anauliza kwa mshangao kama kweli walifanya hivyo. Dakika chache baadaye, mezani Holsten's, A.J. anamkumbusha baba yake aliwahi kuwaambia wazikumbuke nyakati zilizokuwa njema, na Tony naye anauliza kwa mshangao uleule kama kweli alisema hivyo. Mauti yanaweza kumfikia usiku ule au asifikiwe nayo kwa miaka thelathini, lakini kilichommaliza Junior kimeshaanza kumgusa Tony, na James Gandolfini, anayemwigiza Tony, anaigiza sekunde ile bila kuikazia, kiasi kwamba anayemtazama yule mtu wa jaketi hataiona kabisa.

Sehemu hii ina udhaifu wake. Habari za A.J., kuanzia gari lake kuungua msituni hadi kazi anayotafutiwa na wazazi, zinachukua muda mrefu kuliko uzito wake. Daktari Melfi, daktari wa akili ambaye mazungumzo yake na Tony ndiyo yaliyoibeba tamthilia tangu mwanzo, hayumo kabisa, kwa sababu alimfukuza Tony katika sehemu iliyotangulia. Nafasi yake inazibwa na tukio fupi la kufaa sana, ambamo Tony, aliyekwenda na mkewe kwa daktari wa A.J., anajikuta ameanza kulalamika juu ya mama yake mzazi huku Carmela akimkodolea macho. Ningependa tukio hilo lingepewa nafasi zaidi.

Tamthilia hii ina mauaji ya kutisha na lugha chafu, kwa hiyo si ya kutazamwa na watoto. Kwa mtu mzima mwenye subira naipendekeza bila kusita, ila asiruke sehemu ili awahi giza analolisikia. Akikaribia mwisho, aitazame tena sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza, ambamo familia inakimbilia mgahawani usiku wa dhoruba, kwa sababu ndipo Tony anapoyasema maneno ambayo miaka minane baadaye hatayakumbuka.