Kirikuu ya mkataba kwa biashara ya vinywaji, uzoefu wangu huku Mbagala

Mi nasambaza maji na soda kwa maduka ya rejareja, kuanzia Rangi Tatu mpaka Chamazi na Mbande huko. Zamani nilikuwa nakodi Kirikuu, kale kapikapu kadogo ka Suzuki Carry, pale kijiweni kila nikiwa na mzigo na hiyo hela ya kukodi ndo ilikuwa inamaliza faida, maana katoni ya maji unapata kidogo sana. Benki wanataka dhamana, yadi ya magari ile niliyoitaka ilikuwa milioni 12 keshi, basi nikachukua ya mkataba kwa mtu binafsi.

Tulikubaliana hesabu laki na sabini kila Jumatatu kwa miaka miwili, nikimaliza gari yangu. Ukizidisha kwa wiki 104 inakuja milioni 17 na laki 6 na themanini, yaani juu ya bei ya yadi kuna milioni 5 na nusu na ushee. Watu wananiambia nimeibiwa, mi sioni hivyo kabisa, hela yangu imebaki kwenye mzigo inazunguka na gari imeanza kuingiza wiki ile ile niliyokabidhiwa.

Jamani, ugomvi wa mkataba uko gereji. Kabla sijasaini nilikomaa kiandikwe kipengele kwamba gari ikilala gereji zaidi ya siku tatu kwa injini au giaboksi, hesabu inasimama na hiyo wiki inasogezwa mwisho. Bosi mwenye gari alinuna ila akasaini kwa wakili, mashahidi wapo, nakala kila mtu na yake. Basi injini ikachemsha, gasketi ikaungua, gari ikalala karibu wiki nzima na mimi hesabu sikupeleka, nikamtumia picha ya risiti ya fundi na tarehe zake. Kimya. Nimerudi barabarani, niko Chamazi kwenye mchanga na katoni zimejaa nyuma, jua la saa nane, nashusha kwa mteja narudi kuwasha, stata inaita tu injini haishiki. Kumbe amezima kwa simu, kuna ile traka wanafunga chini ya dashibodi inakata umeme wa injini. Nikampigia, anasema lete hesabu kwanza. Iliniuma sana, wateja wananisubiri mzigo unapigwa jua. Sikubishana naye, nikamwambia tukutane ofisi ya serikali ya mtaa na kila mtu aje na karatasi yake, mtendaji akasoma kile kipengele kwa sauti na gari ikawashwa pale pale. Ingekuwa maneno ya mdomo tu ningelipa na mzigo ungeniharibikia.

Kwa hiyo na hiyo traka iandikwe, nani anaruhusiwa kuzima, lini, na asizime gari ikiwa na mzigo.

Kingine ni uzito, hiki watu wa vinywaji tunakijua ila hatukisemi kwa bosi. Kirikuu imetengenezwa kubeba kilo 350, sasa katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18, piga mwenyewe, ni katoni 19 tu, na sisi tunajaza mara mbili yake. Spring za nyuma zinakaa chini haraka sana na bosi atasema ni uzembe wako, tamkeni kabisa kwenye mkataba spring na matairi ni juu ya nani. Mimi nimekubali ni zangu, na naona ni haki.

Kabla ya kukabidhiwa angalia deni la trafiki kwa namba ya gari, faini moja ni elfu 30 na za zamani zitakuangukia wewe barabarani. Angalia kibali cha mizigo cha LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, na bima uliza ni kubwa au ndogo, maana ndogo ukiigonga gari mwenyewe hairudishi kitu na hesabu inaendelea kudaiwa.

Kasoro inayonisumbua mpaka leo ni risiti. Huyu mtu binafsi hana EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kwa hiyo hizi hesabu zote nikienda TRA kwa watu wa kodi siwezi kuzionyesha vizuri kama gharama za biashara. Gari ya pili nitakodi kwa kampuni inayotoa risiti hata kama hesabu itazidi kidogo, ila hii Kirikuu naimaliza, kadi ikija jina langu naongeza spring siku hiyo hiyo.