Kulala Mtwara na Lindi: hoteli ya mjini au nyumba tulivu ya kilimani?

Mgeni anayekuja Kusini kwa mara ya kwanza huuliza swali lilelile: nishukie mjini au nipande juu? Jibu langu ni fupi. Ukiwa na usiku mmoja, lala mjini. Ukiwa na siku mbili tatu, na hakuna anayekusubiri ofisini wala bandarini saa mbili asubuhi, panda. Ila kabla hujalipia mandhari, hakikisha mambo matatu: maji, njia na chakula cha jioni. Dirisha linalotazama bonde zima la Ruvuma halikufaidii kitu kama bomba la bafuni limekauka.

Sehemu za kulala mimi ningezipanga hivi.

1. Mikindani

Kwa watu wengi hapa ndipo pa kuanzia. Ni kama kilomita 10 tu kutoka Mtwara mjini, kwenye barabara ya Lindi, kwa hiyo unalala kwenye utulivu na bado benki, Hospitali ya Ligula na uwanja wa ndege haviko mbali. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895, limekaa kwenye mteremko juu ya ghuba. Lilichakaa miaka mingi kabla ya kukarabatiwa na kufanywa hoteli. Kuta zake ni nene kweli, na mchana wa kaskazi utaiona thamani yake: nje jua linachoma, ndani unaweza kukaa.

Asubuhi unateremka kwa miguu hadi mji wa kale wenye nyumba za mawe na milango ya nakshi. David Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na ipo nyumba yenye kibao cha jina lake. Vyumba vya Boma ni vichache, kwa hiyo piga simu mapema, tena uulize kama wanapokea wageni siku hizo. Daladala za kwenda mjini ni za mchana. Ukipanga kurudi usiku, elewana na mtu wa bajaji kabla hamjaachana.

2. Newala

Huku ndiko kwenye mlima wenyewe, na kwa kupumzika hakuna panaponivuta moyo kama hapa. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ardhi inakatika miguuni pako, bonde linafunguka mpaka Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Jioni upepo unapanda kutoka bondeni na kulivuta pazia la chumba nje ya dirisha. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, feni haina kazi; uliza kama kuna blanketi la pili na ubebe sweta.

Sasa maji. Huu uwanda hauna mito juu yake. Mvua inanyesha, mchanga unainywa, chemchemi zinatokea chini kabisa mabondeni. Ndiyo maana maji yanasukumwa kwa pampu kutoka chini kupandishwa juu, na ndiyo maana nyumba nyingi za Newala zina kisima cha kuvunia maji ya mvua uani, chini ya mabati. Umeme ukikatika, pampu nayo inasimama. Kwa hiyo usiulize "maji yapo?", kwa sababu utajibiwa yapo. Uliza wana simtanki ngapi, na kama maji yanafika bafuni yenyewe au mtaletewa kwa ndoo. Ndoo na kopo si aibu, wenyeji wenyewe tunaoga hivyo. Lakini kama unasafiri na mzee au mtoto mchanga, ni vizuri ujue kabla hujafika.

Njia nayo iangalie. Mtwara hadi Newala ni kama kilomita 140. Kipande cha kwanza, Mtwara hadi Mnivata, kina lami. Mbele ya hapo, waulize madereva hali ya ujenzi wiki hiyohiyo unayosafiri, hasa kati ya Desemba na Aprili. Na fika kabla giza halijaingia. Jikoni kwingi huku chakula hupikwa kwa kuagiza: sema mapema kama unataka kuku, vinginevyo utakuta chai na chapati. Ukiona mama anauza ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, barabarani, nunua. Mjini huipati ikiwa ya moto vile.

3. Shangani, Mtwara mjini

Huu ni mtaa wa hoteli za mjini zisizokuchosha. Uko ufukweni, upepo wa bahari unafika, na hoteli nyingi zina kiyoyozi na jenereta. Kwa mtu wa semina, au familia yenye watoto wanaotaka kuchezea maji, ningeuweka wa kwanza bila kusita. Chagua chumba kilicho mbali na ukumbi. Jumamosi kuna harusi, na spika hazizimwi mapema.

4. Rondo na Ndanda

Hapa ni kwa anayetaka ukimya hasa. Uwanda wa Rondo, mkoani Lindi, una msitu wa asili ambamo anaishi komba mdogo aliyepewa jina la mahali hapohapo, na usiku utamsikia kabla hujamwona. Usiende bila mwenyeji anayekusubiri, na mvua zikianza, gari dogo liache. Ndanda ni rahisi zaidi kwa sababu iko kwenye barabara kuu ya Masasi, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, na misheni ya Wabenediktini imekuwapo tangu 1906. Malazi ya misheni huwa safi na bei yake ni ya kistaarabu, ila yana utaratibu wake: geti lina saa ya kufungwa na pombe si mahali pake. Kama hayo yanakukera, usiende kuwasumbua.

5. Gesti za karibu na stendi, Mtwara au Lindi

Za kulala na kuondoka. Kuna honi za alfajiri na baa jirani. Kwa mwenye basi la saa kumi na mbili zinafaa; kwa mapumziko, hapana. Kama uko Lindi na una nafasi ya kuchagua, tafuta chumba upande wa mji unaopanda kuelekea vilimani, ukiwa mbali kidogo na stendi. Bei haipishani sana na usingizi unapishana sana.

Msimu unaweza kuupindua mpangilio wote huu. Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba, wanunuzi, madereva wa malori na watu wa maghala hujaza vyumba vya Newala, Tandahimba, Masasi na Mtwara. Bei hupanda, na muziki unafika hata kule ulikokimbilia utulivu. Anayetaka kilima kitulivu aje Juni, Julai au Agosti.

Unapopiga simu, uliza bei ni ya chumba au ya mtu, chai ya asubuhi imo au haimo, na chandarua kipo. Wakikutaka utume fedha zote kwa simu, tuma ya usiku mmoja tu. Zinazobaki lipa ukishafika, ukafungua bomba, ukawasha taa na kukikalia kitanda, na uchukue risiti.