Maiki ilishuka, sauti ikaendelea: uzoefu wangu na ziara ya kuaga

Nimekasirika, na naandika nikiwa bado nimekasirika, maana nikisubiri nipoe nitaanza kumtetea mtu asiyestahili. Jina lake silitaji, kwa heshima ya mjomba wangu ambaye mpaka leo anampenda. Ni mwimbaji wa roki, umri wake umepita sabini, na tangazo lilisema hii ndiyo ziara yake ya kuaga.

Habari za ukumbi, viti na foleni zote ziko kwenye tovuti yao, kazisome huko. Mimi nina wimbo mmoja tu wa kuusema, ule ambao kila aliyekuwa mle ndani alikuja kwa ajili yake. Kiitikio chake kina noti moja ya juu ambayo enzi zake alikuwa akiivuta mpaka msikilizaji unasahau kupumua. Tulikaa karibu na jukwaa, kiasi cha kuziona pete vidoleni mwake. Noti ikakaribia. Akageuka kumtazama mpiga gitaa, wakachekeana, mkono wenye maiki ukashuka hadi kiunoni. Na noti ikapanda! Ndefu, safi, sauti ya kijana wa miaka thelathini, na mdomo wake umefumbwa.

Mjomba akaniinamia sikioni. "Mama, maiki imeshuka. Mbona sauti haijashuka?"

Sikumjibu. Amekuja kututembelea hapa Uingereza kutoka Tanga. Alipokuwa baharia alinunua kanda za huyu bwana Hamburg, akazisikiliza mpaka utepe ukakatika, akauunga kwa selotepu akaendelea kusikiliza. Kilichonichoma ni ule upole aliouliza nao, kama anayeogopa jibu. Tangu hapo sikusikia muziki tena, kazi yangu ikawa kuufuata ule mkono kwa macho. Na ilitokea tena, na tena.

Sasa mtu asije kuniambia eti namsimanga mzee kwa uzee wake. Koo ni kiungo kama viungo vingine. Nyuzi za sauti hukonda, hupoteza mnyumbuko, zikikutana hazifungi vizuri na pumzi inavuja katikati. Gegedu za zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, hukakamaa, mapafu hayasukumi kama zamani. Juu ya hapo weka miaka arobaini ya kupaza sauti kushindana na gitaa za umeme. Noti za juu lazima ziondoke. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen na mzaliwa wa Unguja, alifariki 1991 akiwa na miaka 45, ndiyo maana hatukuwahi kumsikia akizeeka. Waliobaki wanazeeka mbele ya macho yetu, na hilo si aibu hata kidogo.

Tena dawa ipo na kila mwanamuziki anaijua: shusha kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo wote unapigwa. Gitaa zinalegezwa nusu toni au toni nzima, wimbo unakaa pale koo linapofika. Elton John, mwimbaji wa Uingereza, alipasuliwa koo mwaka 1987, sauti ikawa nzito, zile noti nyembamba za ujanani zikapotea. Akaziimba nyimbo zilezile kwa sauti ya chini miaka zaidi ya thelathini, mpaka alipofunga ziara yake ya kuaga Stockholm Julai 2023. Watu walijaa viwanjani wakamwitikia.

Ikishindikana kabisa, mtu anasema basi. Steven Tyler, mwimbaji wa bendi ya roki ya Aerosmith, aliumia koo Septemba 2023, ziara yao ya kuaga ikiwa ndiyo kwanza imeanza, ikagundulika zoloto limepata ufa. Wakasubiri karibu mwaka mzima. Agosti 2024 wakatangaza kwamba sauti haitarudi ilivyokuwa, wakaacha ziara moja kwa moja. Mashabiki waliumia, lakini hakuna aliyeuziwa tiketi ya kusikiliza rekodi. Na tulipokuwa kwenye treni kurudi nyumbani, mjomba mwenyewe ndiye aliyemtaja Ozzy Osbourne, mwimbaji mwingine wa roki: Julai 2025, pale uwanja wa Villa Park, Birmingham, ameketi kwenye kiti chake kwa sababu ugonjwa wa Parkinson umemnyima miguu, na bado anaimba. Hazikupita wiki tatu akafariki. "Yule alituaga kweli," mjomba alisema, kisha akanyamaza mpaka tunashuka.

Nisipoandika hili linalofuata nitakuwa nimedhulumu. Karibu na mwisho bendi yote iliondoka, akabaki yeye, kigoda na gitaa la mbao. Wimbo wa polepole, kii imeshushwa mno. Sauti ilikwaruza. Mstari wa pili ikamkatikia katikati, akakohoa, akaomba radhi, akaanza upya. Ilikuwa yake! Mjomba alifumba macho na midomo yake ikawa inafuata maneno. Kwa muda wa wimbo ule niliwasamehe wote, hata bei.

Kisha bendi ikarudi, taa zikawaka, na yule kijana wa kwenye rekodi akarudi spikani. Hapo hasira yangu ikawa maradufu, kwa sababu sasa nilikuwa nimeshasikia kwamba anaweza. Ni nani aliyemshauri afiche sauti ile? Pengine hata si yeye. Ziara kubwa inalisha watu wengi, mafundi, madereva wa malori, mawakala, na siku mzee akisema nimechoka wote hao wanakosa kazi. Nawaelewa. Ila mjomba wangu hakulipa ili malori yatembee.

Niliwaandikia waandaaji. Jibu lilikuja mistari miwili: tamasha lilifanyika kama lilivyotangazwa, hakuna kurudishiwa pesa. Kama lilivyotangazwa! Tangazo lao liliandika kwa herufi kubwa kwamba ataimba laivu.

Nilitaka kuwaambia msiende kabisa. Kwa tamasha lile na bei ile, bado nasema msiende. Lakini akitangaza kesho kwamba anapanda jukwaani yeye na kigoda chake tu, saa nzima ya kukohoa na kuanza upya, nitamkatia mjomba tiketi ya ndege arudi. Kwa wimbo ule mmoja natoa nyota tano. Nyimbo zilizobaki sizipi hata moja, na pesa yake bado naidai. Risiti za tiketi zote mbili ninazo.