Tairi pana linataka rimu ipi: mwongozo wa kununua kwa wenye magari ya porini

Mtu anayetaka kuivalisha Hilux, Prado au Land Cruiser yake matairi mapana kwa ajili ya barabara za vumbi, mchanga na tope la mbuga, kwa kawaida huanza na tairi. Akishapenda kashata zake (meno ya uso wake) na kuafikiana bei, ndipo anapomuuliza fundi kama litaingia. Mpangilio huo umewagharimu wengi, kwa sababu fundi atajibu kwamba litaingia, na hatakuwa amesema uongo: tairi la 265, yaani la upana wa milimita 265, linaweza kulazimishwa kwenye rimu ya inchi 6, likajazwa upepo na kusimama vizuri machoni. Hata hivyo, kila kipimo cha tairi kina upana wa chini na wa juu wa rimu ambao mtengenezaji ameukubali na kuuchapisha katika orodha zake. Mnunuzi na aanze na rimu aliyo nayo, kisha atafute tairi ambalo mipaka yake inaipokea rimu hiyo.

Rimu nyingi zimegongwa mhuri wa vipimo upande wa ndani. Maandishi kama 16x7J yana maana ya kipenyo cha inchi 16 na upana wa inchi 7. Ikiwa kutu au rangi imeyafunika, itabidi kupima, na hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, kwa kuwa upana wa rimu hupimwa kati ya kuta mbili za ukingo kwa ndani, pale ambapo tairi huegemea, wala si kutoka ncha ya nje hadi ncha ya nje. Ukipima nje kwa nje utapata karibu inchi moja zaidi, na rimu ya 7 itauzwa kwako kama rimu ya 8. Ukinunua rimu zilizotumika, omba tairi litolewe kwanza na upime mwenyewe.

Tairi likivaa rimu nyembamba kuliko inavyotakiwa, mbavu zake hutuna na uso wake hubinuka katikati, hivyo kashata za katikati huisha mapema huku za pembeni zikiwa bado mpya, na gari huyumba kwenye kona kama limebeba mzigo uliolegea. Rimu ikizidi upana, mbavu huvutwa nje, mabega ya tairi huliwa, ukingo wa rimu hubaki wazi kwa mawe, na unapopunguza upepo ili kupita kwenye mchanga tairi huchomoka kwa urahisi zaidi. Ipo njia rahisi ya kujihakikishia. Chora mstari mnene wa chaki kukatiza uso wa tairi kutoka bega hadi bega, endesha mita chache kwenye lami au zege lililonyooka, kisha shuka utazame. Chaki ikifutika katikati tu na kubaki mabegani, ama upepo umezidi ama rimu ni nyembamba. Rekebisha upepo kwanza, na hali ikibaki vilevile, tatizo ni rimu.

Jambo jingine linalofaa kujulikana ni kwamba upana ulioandikwa kwenye tairi hupimwa likiwa kwenye rimu maalumu, na kila nusu inchi ya tofauti ya rimu hubadilisha upana huo kwa takriban milimita 5. Tairi la 265/70R16 (upana wa milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, na rimu ya kipenyo cha inchi 16) hupimwa kwenye rimu ya inchi 8, kwa hiyo likivaa rimu ya 7 upana wake hupungua kwa takriban milimita 10. Bado limo ndani ya mipaka yake, ambayo ni inchi 7 hadi 9, na kwa barabara zetu naona afadhali kukaa nusu ya chini ya mipaka kuliko nusu ya juu, kwa sababu ubavu unaotokeza kidogo huulinda ukingo wa rimu.

Kwa vigezo hivyo, chaguo ninaloliweka la kwanza ni upana wa 265 kwenye rimu ya inchi 7 hadi 8. Hilux na Prado nyingi zenye rimu za inchi 17 hutoka kiwandani na upana wa inchi 7.5 zikiwa na tairi la 265/65R17. Mwenye gari kama hilo anaweza kupanda hadi 265/70R17 bila kununua rimu mpya: kipenyo huongezeka kutoka takriban milimita 776 hadi 803, na mshale wa spidi unaposoma 100 gari huwa linakimbia kilomita 3 hivi zaidi ya ambavyo lingekimbia kwa matairi ya awali. Fedha ambayo ingeenda kwenye rimu itumike kupata matairi bora. Mwenye rimu za inchi 16 zenye upana wa 7 atazame 265/70R16 au 265/75R16.

La pili ni kwa magari ya kazi, na litawashangaza wanaopenda upana: 235/85R16 kwenye rimu ya chuma ya inchi 6 hadi 7.5. Kipenyo chake, takriban milimita 806, kinazidi hata kile cha 265/75R16, kwa hiyo gari huinuka bila kuongeza upana, na kwenye tope lenye sakafu ngumu chini tairi jembamba hukata hadi likafika pagumu. Lakini tahadhari: Land Cruiser 70 nyingi za kazi zina rimu za inchi 5.5, zilizotengenezwa kwa 7.50R16, na hizo haziingii kwenye mipaka hii. Rimu za vipande zenye pete, ambazo hutumia tyubu, zihudumiwe na fundi anayezijua, kwa kuwa pete ikiruka wakati wa kujaza upepo inaweza kuua.

La tatu ni 285/75R16 au 285/70R17 kwenye rimu ya inchi 8. Kwenye mchanga ni matairi mazuri sana, ila gharama yake haiishii dukani. Ukitoka 265/65R17 kwenda 285/70R17, kipenyo kinakua kwa asilimia 7, gari linakuwa zito kuondoka, na usukani ukikatwa hadi mwisho tairi linaweza kugusa digadi au bodi. Mwenye kusafiri nyikani mara kwa mara ana sababu ya kulipia hayo. Wa mjini hana.

Matairi ya 33x12.50R15 (kipenyo cha inchi 33, upana wa inchi 12.5, rimu ya inchi 15), yanayotaka rimu ya inchi 8.5 hadi 11, nayaweka mwisho. Rimu hizo hutokeza nje, huongeza mzigo kwenye beringi za magurudumu na kurusha matope ubavuni mwa gari. Mwenye Hilux ya zamani yenye rimu za inchi 15 zenye upana wa 7 atosheke na 31x10.50R15. Rimu zilizopanuliwa kwa kuchomelewa siziweki kwenye orodha kabisa.

Kabla ya kulipa, soma tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Soma pia namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba, kwani 112 ni kilo 1,120 kwa kila tairi na 121 ni kilo 1,450. Rimu nayo ilingane na habu: Hilux na Prado zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7, ilhali Land Cruiser 70 za karibuni zina tano kwenye duara la milimita 150. Nati za Toyota za rimu za chuma zina ncha iliyochongoka kama koni, za rimu zake halisi za aloi zina washa bapa, na hazibadilishani.

Nunua matano, si manne. Prado nyingi huendesha magurudumu yote wakati wote, na spea yenye kipenyo tofauti huitesa difu ya katikati. Kwenye Hilux, hakikisha kwanza kwamba spea mpya inaenea chini ya bodi, kisha baada ya kilomita 50 hadi 100 urudi kukaza nati zote.