Uzoefu wangu na ofisi ya kuhariri makala Wandegeya: waliwapa wanawake wangu kansa ambayo hawana

Nimengoja karibu mwezi mzima hasira ipoe ndio niandike lakini wapi, haijapoa. Ofisi siitaji jina. Iko Wandegeya, Kampala, ghorofani, zile ngazi ambazo chini kuna watu wa fotokopi na kijana wa rolex (chapati na mayai), wanafunzi wengi wa utafiti wameshapanda hapo. Bei na siku wanazochukua mtauliza wenyewe. Mimi nina neno moja tu la kusema, neno moja walilobadilisha kwenye makala yangu kabla hayajaenda kwenye jarida.

Mi ni mkunga, kituo cha afya upande wa Busia, karibu na mpaka. Masta nimesoma kwa kujibana, na utafiti wangu ulikuwa juu ya uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki. Kwa wasioujua: mama analala, unampaka siki ya asilimia 3 mpaka 5 kwa pamba, unangoja kama dakika moja, unamulika taa. Pakitokea doa jeupe lenye kingo zinazoonekana, hayo tunaita majibu chanya. Na hapo ndipo ugomvi wangu wote ulipo, kwa sababu doa jeupe SI kansa. Ni seli zilizoanza kubadilika, na mara nyingine hata si hizo, ni uvimbe wa maambukizi ya kawaida tu. Hata kile kirusi cha HPV chenyewe, kinacholeta kansa hii, wanawake wengi wanakipata na mwili unakifukuza baada ya mwaka mmoja au miwili. Kikigoma kutoka ndio kinaharibu seli polepole, na toka hapo mpaka kansa ni safari ya miaka 15 hadi 20 kwa mtu mwenye kinga nzuri ya mwili, au 5 hadi 10 kwa yule ambaye kinga imeshuka kama mwenye VVU ambaye hajatibiwa. Kazi yetu yote ya kuzuia hii saratani inafanyika ndani ya hiyo miaka, kati ya doa na kansa. Ukishaifuta hiyo nafasi umefuta kazi yenyewe.

Kuna mama mmoja wa sokoni, anauza dagaa, mtu mzima mwenye wajukuu. Nilipomwambia kuna doa alinishika mkono hapa kwenye kiwiko akaukaza mpaka kucha zikaniingia. "Binti yangu, ni ile kansa iliyomuua dada yangu?" Nikamwambia hapana mama, bado haijafika huko, hili tunalichoma leo leo na kale kamashine ka joto kisha unarudi tukuangalie tena. Hakuuachia mkono. Aliniuliza mara tatu, "kwa hiyo sina?" Huna mama. "Sema wallahi." Nikasema. Ndio akalala tena akakubali kutibiwa. Nyumbani mumewe alikuwa ameshasikia kwa majirani kwamba wanaoitwa chumba kile wana kansa, kwa hiyo ilibidi nimpigie na yeye simu nimweleze polepole.

Sasa mchukue huyo mama, mchukue na wenzake wote waliotoka na majibu chanya, alafu mtu aliyekaa kwenye kiti Wandegeya aandike kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba hao ni wanawake "waliogunduliwa na saratani ya mlango wa kizazi". Ndicho walichofanya. Ukiacha muhtasari, mahali pote nilipoandika waliokuwa na majibu chanya ya uchunguzi, wao wameweka waliogunduliwa na saratani. Kwenye matokeo, kwenye mjadala, mpaka kichwa cha jedwali la pili.

Niseme na yao mazuri maana sitaki kuonea mtu. Kiingereza changu kilikuwa kinajikwaa na walikinyoosha. Muhtasari ulikuwa mrefu wakaukata ukaingia kwenye maneno ambayo jarida linataka. Marejeo yangu yalikuwa fujo, mengine yana mwaka mengine hayana, yakapangwa vizuri. Ile orodha ya STROBE yenye vipengele 22, ambayo majarida mengi yanataka kwa utafiti wa kuangalia tu bila majaribio, walinikalisha nikajaza kipengele kimoja kimoja na kuonyesha kila kitu kiko ukurasa gani. Kava leta, ile barua ya kupeleka makala kwa jarida, nzuri. Kwa hayo ningewapa nyota nne na nilikuwa tayari kuwapeleka wenzangu wote wa darasa.

Na kosa langu lipo, nalisema. Faili lilirudi jioni, mistari myekundu imejaa kama damu, nikasoma muhtasari, nikasoma utangulizi, umeme ukakatika, nikaona hawa watu wanajua kazi, nikabonyeza kukubali mabadiliko yote. Asubuhi yake nikatuma kwa jarida kupitia simu. Kwenye muhtasari lile neno hawakuligusa, ndio maana sikushtuka.

Siku kama mbili baadaye nikawa nasoma kwenye taksi ya kurudi Busia, tumekwama Mukono kwenye jam, nafungua matokeo kwa raha zangu tu nione makala yangu yanavyopendeza. Nikafika kwenye hiyo sentensi. Nikairudia. Nikafikiri labda nimechoka. Nikashuka chini kwenye jedwali, nalo hivyo hivyo. Jamani mwili ulikufa ganzi. Abiria wa pembeni aliniuliza "nyabo, kuna msiba?" nikashindwa kumjibu.

Nikapiga ofisini palepale. Akashika kijana, yule aliyehariri. Nikamweleza kwa upole kabisa, kwa sababu nilidhani atashtuka kama mimi. Akaniambia, "Madam, sisi tunaangalia lugha tu, sayansi ni yenu." Nikamwambia lakini wewe ndio umebadilisha sayansi. Akasema majibu chanya ni neno la kliniki, la manesi, msomaji wa jarida haelewi chanya ya nini, yeye ameliweka "wazi zaidi". Neno la manesi! Alafu akamalizia, "na kiukweli mama, ukisema saratani makala inakuwa na uzito, wahakiki wanaipenda." Hapo nikakata simu maana nilikuwa nataka kutukana na taksi imejaa watu.

Uzito! Utafiti wa kinga unapata uzito kwa kuwapa watu ugonjwa ambao hawana? Shirika la Afya Duniani limeweka yale malengo ya 90-70-90 ya mwaka 2030: wasichana 90 kwa 100 wawe wamechanjwa kabla ya kufika miaka 15, wanawake 70 kwa 100 wawe wamepimwa kufikia miaka 35 na tena kufikia 45, na 90 kwa 100 ya waliokutwa na tatizo watibiwe. Ile 90 ya mwisho ndani yake wamo hawa wa madoa pamoja na wale wenye kansa yenyewe, na matibabu yao ni mbingu na ardhi. Huyu anachomwa kwa dakika chache kituoni kwetu anakwenda nyumbani kupika. Yule anapelekwa Mulago kwenye taasisi ya saratani, mionzi, upasuaji, kuuza ng'ombe. Mtu wa wizara akisoma jedwali langu lililoharibiwa ataona kituo kidogo cha mpakani kimejaa kansa na kinawachoma watu wa kansa kwa kamashine. Ataniona mimi muuaji.

Na isisemwe kwamba makala ya huku hayasomwi na mtu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji hapahapa Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya kwa watoto na dunia ikasoma, mpaka leo ugonjwa unaitwa kwa jina lake. Kwenye kichwa cha makala aliuita sarkoma, baadaye ikajulikana ni limfoma. Sawa, alikosea jina, lakini aliandika alichokiona kwa macho yake kwa jinsi alivyokielewa wakati ule, na wengine wakaweza kuanzia hapo wakasahihisha. Mimi na mimi niliandika nilichokiona kwa taa yangu. Huyu kijana hajawahi kushika hiyo taa, sasa anabadilishaje?

Niliandikia jarida usiku uleule, nikaomba wanirudishie faili kabla halijaenda kwa wahakiki. Niliandika barua hiyo mwenyewe bila kuhaririwa na mtu, Kiingereza changu hichohicho cha kujikwaa, na walinielewa. Walinirudishia, wakanishukuru kwa kuwahi. Nililala saa ngapi sijui.

Alafu sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa na nyota. Kesho yake nilipigiwa simu na mama mmoja wa ofisi hiyohiyo, mtu mzima kwa sauti, inaelekea ndiye mkubwa wao. Hakuanza kujitetea. Alisema "pole mwanangu, nimesoma mabadiliko yote, hili ni letu." Akafungua faili langu la mwanzo akakaa nalo, tukapitia kwa simu sentensi kwa sentensi, mimi huku nasikia mvua kwenye bati lake. Kila alipotaka kubadilisha neno aliniuliza kwanza, "hapa unamaanisha waliopimwa au waliokutwa?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa tangu nianze masta, hata msimamizi wangu hajaniuliza hivyo. Aligundua kuna mahali mi mwenyewe nilichanganya. Pesa hakurudisha yote lakini kidogo alirudisha, kwa mobaili mani, na hata sikuwa nimeomba.

Kwa hiyo nilianza kuandika hii nikisema msikanyage pale. Nilipofika kwa huyu mama nikawa nataka kuandika nendeni, ila mwombe yeye, msikubali kijana. Nilikuwa nimeshaandika hivyo kabisa, nyota tatu, nikaacha nilale niichapishe asubuhi.

Asubuhi nikapata ujumbe wa mwenzangu wa Mbale. Yeye utafiti wake ni wa chanjo ya HPV mashuleni, ile inayotolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 10 tangu 2015, na data yake ni ya ile miaka ya dozi mbili. Ofisi ileile, alipeleka kwa sababu mimi nilimsifia mwanzoni kabla sijajua. Ameniletea picha ya skrini. Yeye aliandika wasichana waliopata dozi ya kwanza. Mstari mwekundu, na juu yake: wasichana waliochanjwa kikamilifu. Utafiti wake wote unauliza kwa nini wasichana wanapata ya kwanza na ya pili hawarudi! Yaani wamemfutia swali lake.

Tarehe kwenye faili ni wiki mbili BAADA ya yule mama kuniomba msamaha.

Nyota zangu nazitoa zote. Mama yule kama unasoma hapa, wewe sina ubaya na wewe, nakuheshimu, lakini huyo kijana bado yupo kwenye kiti na ana mafaili ya watu. Mwenzangu nimemwambia asibonyeze kukubali yote, afungue faili lake la zamani na hili jipya pembeni kwa pembeni, aanze na majedwali. Yuko huko sasa hivi, amefika jedwali la tatu, ameshapata mengine mawili.